Ule wimbo wa katikati ya ngano una kazi gani hasa?

#1 MwanaKonde
Assalaam alaykum. Nina swali linanikera wiki ya pili sasa.

Niliombwa niandike ngano moja ya kusomewa watoto wa chuoni (chuo cha Qur'ani) hapa mtaani. Nikachagua ya msichana na kombe, niliyoipokea kwa bibi yangu kule Konde, Pemba. Kwa wasioijua: wasichana wanakwenda pwani kuokota makombe. Mmoja anapata zuri kuliko yote, analiweka juu ya jiwe, analisahau. Njiani analikumbuka, anawaomba wenzake warudi naye, wanakataa. Anarudi peke yake akiimba ili asiogope. Kumbe zimwi limekaa juu ya lile jiwe. Linamwambia aimbe tena, asogee, aimbe tena, kisha linamtia ndani ya ngoma. Likawa linazunguka vijijini: likipiga, ngoma inaimba kwa sauti ya mtoto, watu wanastaajabu, wanalipa wali na kuku. Mwisho linafika kijiji cha wazazi wake, na mama mtu anatambua.

Wimbo niliouandika ni huu:

Kombe langu, kombe jiweni,
wenzangu wameniacha njiani,
nalifuata mwenyewe pwani.

Bibi alikuwa akiuimba kila kijiji. Mimi nikauweka mara moja tu, pale mwanzo. Kwengine kote nikaandika "akaimba kama mwanzo". Niliona kurudia ni kujaza karatasi.

Nikawasomea. Watoto walisikiliza kwa adabu, lakini hakuna aliyeogopa. Hakuna aliyemsogelea mwenzake. Tulipofika mwisho mmoja akauliza: "Sasa mama kajuaje?" Nikatazama karatasi yangu, jibu halimo. Kwa bibi hatukuwahi kuuliza swali lile, na tulikuwa watoto wa kuuliza kila kitu.

Basi nambieni, ule wimbo unafanya nini pale katikati? Nataka kujua kabla sijaandika upya.

#2 BintiWete
Wa alaykum salaam. Mimi jibu langu ni karafuu.

Kwetu ngano hazikutolewa kitandani. Zilitolewa usiku wa kuchambua. Karafuu zimechumwa mchana, zimemwagwa juu ya jamvi lundo zima, kandili katikati, watu wamezunguka kuanzia bibi mpaka mtoto wa miaka sita. Unashika kishada, unakisukuma na kukizungusha kiganjani, karafuu zinadondoka huku, makonyo unayatupa kule. Kidole gumba kinakuwa cheusi na harufu haitoki hata ukikoga mara tatu. Na kazi lazima iishe usiku uleule, kwani zikikaa zimerundikana zinavunda, na asubuhi zinatakiwa juani.

Sasa saa tano ya usiku mtoto wa miaka sita anafanya nini? Anasinzia. Msimulizi akiona vichwa vinaanguka, anaingia kwenye wimbo, na wimbo una kiitikio, na kiitikio lazima kiitikiwe na wote. Huwezi kuitikia umelala. Ndiyo kazi yake.

#3 Maalim_Skuli
Ahsante kwa mada. Nasomesha fasihi, na nitamjibu mwenye uzi kwa kosa alilolitaja mwenyewe: "akaimba kama mwanzo".

Wimbo ule ni takriri, na takriri katika ngano haipo kwa ajili ya kurudia neno, ipo kwa ajili ya kuchelewesha jambo. Msikilizaji anajua msichana yumo ngomani. Anajua zimwi linakwenda kijiji baada ya kijiji. Anachokitaka ni kufika kwa mama. Msimulizi anamzuia njiani kwa wimbo, na kila akiuimba tena ile hamu inakaza. Hiyo ndiyo taharuki. Ukifupisha wimbo umefupisha njia, na mtoto amefika kwa mama yake kabla hajapata hofu ya kutofika.

Kwa hiyo BintiWete amesema kweli kuhusu usingizi, lakini hiyo ni faida ya pembeni.

#4 Ngalawa_Tumbatu
Maalim nakuheshimu ila mimi nakwenda na BintiWete, na naongeza. Sisi Tumbatu tuna kimai, nyimbo za baharini. Mkivuta nanga au mkitweka tanga mmoja anaanza, wengine wanapokea, na mikono inakwenda pamoja. Nenda pwani yoyote ukawaone kina mama wanaopiga makumbi: wimbo unashika mpini wa kazi. Ngano imezaliwa kazini, ikachukua nyimbo za kazi.

Tena hili si jipya. Yule askofu Steere alikusanya ngano za Unguja na kuzichapisha hapa 1882, na nyimbo zimo.

#5 KitabuMkononi
Marekebisho kidogo, ndugu yangu wa Tumbatu. Kitabu cha Steere kilichapishwa London mwaka 1870. 1882 ndiyo mwaka aliofariki. Alifika Unguja 1864 akiwa bado hajawa askofu, uaskofu aliupata 1874. Ngano alizikusanya kutoka kwa wasimulizi wa hapahapa, akaziweka Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili.

Lakini umefanya vyema kumtaja, kwa sababu katika dibaji yake amelisema jambo ambalo sijaona mtu amelifikisha hapa bado. Anasema ni desturi ya ngano hizi kuwa na wimbo ambao wote wanaupokea, na mara nyingi mifupa ya hadithi yote imo ndani ya vile vipande vya kuimbwa. Maneno ya baina ya wimbo na wimbo msimulizi anayatunga palepale ili kuviunganisha.

Tazameni uzito wake. Sisi tunauliza wimbo unafanya nini katikati ya hadithi. Yeye anatwambia hadithi ndiyo iliyo katikati ya nyimbo! Wimbo ndio uliohifadhiwa, masimulizi ni nyama ya siku ile. Bibi wa MwanaKonde alikuwa akikumbuka nyimbo zake tu, mengine akiyajenga pale jamvini.

Na mfano mzuri umo humo humo, ile ngano ya nunda, yule paka wa sultani aliyeanza kula mifugo akaishia kula watu. Kijana mdogo wa sultani anatoka kwenda kumwinda. Anaua mbwa, anamburura mpaka kwa mama yake akiimba kwamba ameua nunda mla watu. Mama anamjibu kwa wimbo: mwanangu, siye. Anatoka tena, mnyama mkubwa zaidi, wimbo ule, jibu lile. Wanyama wanazidi mpaka tembo. Siye. Mpaka siku anamleta mwenyewe, na mama anakubali kwamba ndiye. Ukizitoa zile nyimbo pale hakuna kinachobaki, kijana anaua wanyama tu.

#6 BintiWete
Subhanallah, KitabuMkononi umenikumbusha. Nunda kwetu tuliiimba!

Na sikilizeni kitu nilichokijua leo kwa kusoma maneno yako. Bibi aliimba sehemu ya kijana. Sisi sote, jamvi zima, tuliimba sehemu ya mama. Yaani sisi ndio tuliokuwa tukimwambia siye. Mara ya kwanza tunasema siye kwa kicheko, kwa sababu mbwa ni mbwa. Anapoleta mnyama mkubwa tunaanza kumhurumia, na bado lazima tuseme siye, kiitikio ndivyo kilivyo. Mimi nakumbuka nikitamani kusema ndiye, ili apumzike. Halafu ilipofika zamu ya nunda mwenyewe, bibi akanyamaza kidogo, na mtoto mmoja kwa mazoea akasema siye. Nyumba nzima ikamgeukia.

Kwa hiyo nabadilisha jibu langu la #2, au naliongeza. Wimbo unamtoa msikilizaji pembeni na kumtia ndani. Anakuwa mtu wa hadithi.

#7 Maalim_Skuli
BintiWete, hilo la mtoto aliyesema siye nitalichukua kesho darasani kwa idhini yako. Vitabuni tunaliita ushirikishwaji wa hadhira, na wanafunzi wanaliandika kwa mstari mmoja kisha wanasahau. Hapo umelionyesha lenyewe.

#8 Muscat_Mswahili
Salamu kutoka Muscat. Nyumbani kwetu huku bibi bado anatoa hadithi kwa Kiswahili, na wajukuu wanaelewa nusu.

Naona nyote mnazungumza kama kwamba jambo hili ni la Visiwani peke yake. Someni Alfu Lela Ulela, zile hadithi za Kiarabu za usiku elfu na moja. Kila baada ya kurasa chache mtu anasimama anasema mashairi: akiachwa na mpenzi, akiona bustani, akifiwa. Masimulizi kisha ubeti, masimulizi kisha ubeti. Watu wa Unguja na Pemba wamezisikia hadithi hizo vizazi kwa vizazi. Kwangu mimi wimbo wa ngano ni mtoto wa ubeti ule.

#9 Makunduchi_Kae
Sikubali kabisa, na nasema kwa mapenzi.

Ubeti wa Alfu Lela mtu anausema mara moja na umekwisha. Haurudi. Hauna wapokezi. Ukiutoa hadithi inakwenda. Wimbo wetu ukiutoa MwanaKonde ameshatuonyesha kinachotokea. Na nyimbo za namna hii ziko bara nzima, kwa Wanyamwezi, kwa Wamakonde, kwa watu ambao Alfu Lela haikuwahi kuwafika.

Nina ushahidi wangu mwengine. Bibi zetu Makunduchi wakitoa ngano kwa kusimulia wanaweza kuchanganya na Kiswahili cha mjini, hasa akiwepo mgeni. Wakifika kwenye wimbo ni Kikae kitupu, lahaja yetu ya Makunduchi, na kuna maneno humo ambayo wao wenyewe ukiwauliza wanasema "ndivyo unavyoimbwa". Neno limekwama kwenye wimbo kama jiwe kwenye mizizi ya mti. Hii inaunga mkono mifupa ya KitabuMkononi: kilichoimbwa hakibadiliki, kilichosemwa kinabadilika kila siku.

#10 Kijana_Ngambo
Samahani wakubwa zangu, naingia kidogo. Mtihani uko karibu na mimi nina swali: kisengere nyuma na mbinu rejeshi ni kitu kimoja au viwili? Na wimbo wa msichana unaotaja kombe lililoachwa jiweni si ni kurudi nyuma?

#11 Ngalawa_Tumbatu
Huyu kaja kufanyiwa homuweki 😄

#12 Maalim_Skuli
Mwacheni, kauliza vizuri. Ni kitu kimoja kwa majina mawili. Kwenda kisengerenyuma ni kwenda kinyumenyume, jina limetoka hapo. Msimulizi anaacha wakati wa sasa anarudi kwenye tukio lililopita.

Na la pili umepatia zaidi ya ulivyojua. Ndani ya ngoma, msichana hasimulii alipo. Anasimulia alivyofika: kombe, jiwe, wenzake walivyomwacha. Hadithi inakwenda mbele na wimbo unairudisha pwani kila mara. Andika hivyo kwenye karatasi yako, na msahihishaji mwenye busara atakupa alama.

#13 Kanga_na_Jina
Nimesoma yote, nashangaa hakuna aliyetaja fumbo, na hapa ndipo kwao!

Mimi nimekulia kwenye taarab. Nimemwona shangazi yangu amekaa kimya nyimbo tatu, halafu mwimbaji akafika kwenye kipande kimoja, shangazi akainuka polepole na noti yake, akapita mbele ya meza ya mtu fulani, akaenda kutunza. Watu mia mbili ukumbini walisikia wimbo. Wawili walisikia maneno. Nguvu ya fumbo ni hiyo: maneno ni yale yale kwa wote, lakini yana mwenyewe.

Kanga ndivyo hivyo. Jina la kanga limeandikwa wazi, kila apitae analisoma, na bado jirani mmoja tu ndiye anayechomwa.

Sasa rudini kwa msichana ngomani. Vijiji vya mwanzo wanasikia ngoma nzuri. Zimwi lenyewe linasikia riziki yake. Mama anasikia mwanangu. Wimbo ni mmoja! Msichana amezungumza mbele ya adui yake, kwa sauti ya juu, na adui hakujua. Wanawake wa Visiwani wamezungumza hivyo vizazi kwa vizazi, kwa wimbo na kwa kitambaa, pale ambapo kusema wazi kulikuwa na gharama. Mimi naamini bibi zetu walipotutolea ngano ile walikuwa wakitufundisha hilo, khasa sisi wasichana.

Ndiyo maana mtoto wa chuoni kauliza mama kajuaje. Kwenye karatasi hakuna wimbo, na fumbo limekwenda nao.

#14 Micheweni_Kaskazini
Kanga_na_Jina umesema kweli tupu, ila mna jambo hamulijui, na mwenye uzi katusomea wimbo nusu.

Mie wa Micheweni. Kwetu wimbo haurudi "kama mwanzo". Msichana akiwa njiani, mstari wa mwisho ndio huo alioutia MwanaKonde, nalifuata mwenyewe pwani. Akishatiwa ngomani, mstari wa mwisho unageuka:

Kombe langu, kombe jiweni,
wenzangu wameniacha njiani,
mwana wa Mize yumo ngomani.

Mize ni mamake. Tena hakusema "mama, nimo ndani". Angesema hivyo zimwi lingemla palepale. Kasema mwana wa Mize, kama anayeimba habari za mtu mwengine. Zimwi halimjui Mize. Vijiji vya njiani hawamjui Mize. Kijiji kimoja tu ndicho chenye Mize.

#15 MwanaKonde
Nimesoma #14 mara nne.

Wallahi nilikuwa nayo. Sikuwa nayo kichwani, nilikuwa nayo masikioni. Najua kulikuwa na kitu kinageuka pale mwisho, sauti ya bibi ilikuwa ikishuka. Nilipokaa kuandika nikakumbuka beti la kwanza, nikadhani mengine ni yale yale. Kwa "akaimba kama mwanzo" nimeufuta mstari ambao hadithi yote imeuning'inia.

Lakini jina Mize silikumbuka. Nitampigia mama mdogo Konde, yeye ndiye aliyebaki.

#16 Paje_Mwani
Jamani msikimbilie. Mimi wa Paje, na hadithi hii tunayo, na kwetu wimbo HAUGEUKI. Ni ule ule kuanzia pwani mpaka kwa mama. Mama anatambua sauti. Na ndio uzuri wenyewe: mama hahitaji jina. Mtoto wako akilia kwenye kundi la watoto hamsini wewe unageuka kabla hujajua kwa nini. Ukitia "mwana wa Mize" umeifanya kama barua yenye anwani. Kwetu anatambua kwa moyo.

Halafu nikuulize, Micheweni: zimwi linasikia "yumo ngomani" na bado halishtuki? Hilo zimwi ni jinga kiasi gani?

#17 Micheweni_Kaskazini
Zimwi lote ni jinga, ndio maana mwishoe linatiliwa nyuki na siafu ngomani na linafungua kwa furaha 😄

Lakini swali lako lina haki. Mie nkasikia kwa mamangu kwamba zimwi halisikilizi maneno, linasikiliza tumbo. Likipiga ngoma macho yako kwenye sinia la wali. Msimulizi wetu alikuwa akilisema hilo kila kijiji: wali wa namna gani, samaki gani, mchuzi umeungwa nazi ngapi. Sisi watoto tukidhani ni maelezo ya chakula. Kumbe ndiyo sababu ya zimwi kutosikia.

#18 Maalim_Skuli
Hapo #17 pana jambo kubwa limesemwa kwa ufupi. Maelezo ya chakula yanaficha mwanya wa hadithi. Msimulizi alijua kuna swali litakuja (kwa nini zimwi halishtuki?) akalijibu kabla halijaulizwa, tena bila kuonekana anajibu. Mwandishi wa riwaya akifanya hivyo tunamsifu kwa ufundi. Mwanamke wa Micheweni kafanya huku anachambua karafuu.

#19 KitabuMkononi
Kuhusu mgogoro wa Paje na Micheweni, nitaleta habari ya mbali.

Miaka ya 1933 mpaka 1935 Mmarekani Milman Parry alikwenda Yugoslavia kuwarekodi waimbaji wa tenzi za kishujaa, wengi wao hawajui kusoma. Msaidizi wake Albert Lord akaendelea na kazi, na kitabu chake kikatoka 1960. Waligundua kwamba mwimbaji anaapa wimbo wake ni uleule neno kwa neno, na ukimrekodi mara mbili nyimbo ni mbili tofauti. Kwake yeye "uleule" maana yake ni habari ile ile na vipande vile vile vya kujengea. Anatunga huku anaimba.

Kwa hiyo pengine Paje wanasema haugeuki, na unageuka. Sisemi ndivyo. Nasema mtu aliyeuimba si shahidi wa kutegemewa juu ya wimbo wake.

#20 Makunduchi_Kae
Hao wa Yugoslavia wanaimba hadithi yote toka mwanzo hadi mwisho. Yetu ni maneno ya kawaida na wimbo umechomekwa. Vitu viwili. Kwetu kinachogeuka ni masimulizi, nimeshasema #9, wimbo umekaa. Sasa Micheweni analeta wimbo unaogeuka mstari mmoja. Basi mstari ule si wa asili, umetiwa baadaye na mtu aliyetaka kuwaeleza watoto mama kajuaje.

#21 Kanga_na_Jina
Na kama umetiwa baadaye una ubaya gani? Aliyeutia alijua anachokifanya. Kijiti kimoja kimewekwa mahali pake, nyumba yote ikasimama.

#22 Ngalawa_Tumbatu
KitabuMkononi, ahsante kwa marekebisho ya mwaka, nimeyapokea. Ila bado nasema kazi. Mtu anayeimba huku mikono inafanya kazi hawezi kugeuza mstari ovyo, wenzake watapotea. Kama unageuka basi unageuka mahali ambapo wote wanapajua. Kama vile kwenye chombo: wimbo ukigeuka ndipo nguvu ya mwisho inapovutwa.

#23 Kijana_Ngambo
Nimemuuliza nyanya yangu hapa nyumbani. Kasema kwao ngoma haikuimba kombe, iliimba "Paukwa". Kisha kaanza mwenyewe "kaondokea Chenjagaa, kajenga nyumba kakaa", na mpaka sasa hajanyamaza. Sina msaada mwengine kwenye uzi huu ila nyumba ina furaha.

#24 Muscat_Mswahili
Mwambie nyanya aendelee, na wewe washa simu urekodi. Nasema kwa uchungu, wangu alisahau nyingi kabla sijafikiria kurekodi.

Na Makunduchi_Kae, sijashindwa kuhusu Alfu Lela. Nakubali kiitikio si cha kule. Lakini ule ubeti wa mtu aliyefungwa anayeimba hali yake ili asikiwe na mmoja tu, huo upo kule pia. Huenda njia mbili zilikutana kisiwani.

#25 Makunduchi_Kae
Kukutana nakubali. Kuzaa sikubali.

#26 MwanaKonde
Nimerudi. Nimezungumza na mama mdogo jana baada ya isha, karibu saa nzima.

Nikamsomea wimbo wa Micheweni kwenye simu. Akacheka. Akasema: "Mize? Mize ni nani kwetu sisi?" Nikamuuliza, je, kwetu ulikuwa haugeuki? Akasema unageuka, tena kila usiku.

Naandika alivyoniambia. Bibi akifika pale msichana yumo ngomani, anatazama jamvini nani anasinzia. Akiona mtoto kichwa kimeanguka, anatia jina la mama wa mtoto yule. Kama ni wa Asha, mwana wa Asha yumo ngomani. Kama ni wa Time, mwana wa Time yumo ngomani. Yule mtoto anagutuka kwa jina la mamake, anafungua macho, kandili linawaka, watu wote wanamtazama, na ngoma inapigwa kwa kiganja juu ya pakacha. Hajui yuko jamvini au yuko ndani ya ngoma. Mama mdogo anasema wengine walilia. Na mama wa mtoto, kama yupo pale, anamwita kwa jina lake, anamvuta, anamkalisha ubavuni pake. Hadithi inaishia hapo kwa mtoto yule. Mengine, nyuki na siafu, wanasikiliza waliobaki.

Nikamuuliza kwa nini mimi sikumbuki jina lolote. Akasema, "Wewe ulikuwa ukilala kila siku. Ulitiwa wewe mpaka tukachoka. Unakumbuka vipi, na ulikuwa ngomani?"

#27 BintiWete
Nimesoma hii nikiwa dukani na imenibidi nikae chini.

#28 Maalim_Skuli
Sina istilahi ya hili. Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu.

#29 Micheweni_Kaskazini
Bibi yako Mungu amrehemu, alikuwa fundi. Ila kwetu Mize ni Mize, tangu kwa bibi wa mamangu. Sikuona akibadilishwa hata usiku mmoja, na mie sikuwa mlalaji.

#30 Paje_Mwani
Na kwetu hakuna jina. Nimewauliza wazee wawili jana pwani, wanawake wa mwani, kila mmoja kivyake. Sauti tu.

#31 Kanga_na_Jina
MwanaKonde, sasa utaandika vipi? Karatasi haioni nani kasinzia.

#32 MwanaKonde
Nimeacha nafasi. "Mwana wa ........ yumo ngomani." Nukta nane. Nimeziandika chini kwa penseli: asomaye atazame watoto kwanza.

Nitasoma tena chuoni Alhamisi. Kuna mmoja huwa anakaa nyuma karibu na mlango, analala kabla ya wote. Nimeshaulizia jina la mamake.